Diski Niliyoiacha Wazi

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Embu akiwa na mimba ya miezi saba, na hakupoteza wakati kwa salamu. Alisema, "Anko, ni msichana tena. Nimeonyeshwa kwa skrini." Nikampongeza. Akasema, "Basi unajua ni nani anakuja."

Nilijua. Kule Embu alikoolewa, kama huku kwetu Meru, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Binti wa pili huchukua jina la mama wa mama yake. Na kwetu mtoto hapewi jina tupu, hupewa mtu. Wanawake wakija kumwona watambeba, wataangalia vidole na paji la uso, halafu watauliza yule mwenye jina alikuwaje. Alikuwa mcheshi au mkali? Alikuwa mtu wa maneno mengi? Anayejibu ni mama mzazi. Sasa mpwa wangu angejibu nini? Mama yake, dada yangu mdogo, alifariki yeye akiwa na miaka minne.

"Wewe ndiye ulipiga video ya ruracio," akaniambia, yaani siku mahari ya mama yake ilipoletwa. "Nyanya alikuwa anasema mama aliongea mbele ya wazee, akacheka, akacheza. Mimi nataka kumwona akifanya hizo vitu kabla nijifungue. Nimechoka kumwona kwa jeneza."

Nikamwambia diski ipo na nitamletea. Kuwepo ilikuwepo kweli. Ilikuwa ndani ya kasha lake la plastiki, kwenye droo ya kabati langu la nguo, na haikuwa imechezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Nilipokata simu nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Hapakuwa na mashine yoyote Meru, wala Embu, wala popote nilipowahi kukanyaga, ambayo ingeweza kuisoma.

Hilo la jeneza linahitaji maelezo. Siku hizi kwetu mazishi hayaendi bila mtu wa video. Kuna jamaa walioko mbali, kuna wale watakaosema hawakuonekana, na kila mlango wa ukoo hutaka nakala yake. Mazishi ya dada yangu yalipigwa video na mwenzangu mmoja wa kazi, maana mimi nilikuwa mfiwa. Akatoa DVD za kawaida, zile za bei ya chini zenye picha ya marehemu imebandikwa juu. Zikasambaa Ruiri kwetu na Maua kwa wakwe. Baadaye mtu akaihamisha kwenye flashi, kutoka flashi ikaingia kwenye simu, na mpwa wangu amekua akiwa nayo. Anaijua yote. Anajua ni dakika gani kidirisha cha jeneza kinafunguliwa na uso wa mama yake unaonekana, ukiwa na pamba puani. Picha za kawaida zipo tatu tu, na katika zote dada yangu amesimama wima amekaza uso, kwa sababu enzi hizo ukipigwa picha uliacha kupumua. Kwa hiyo mtoto huyu anamjua mama yake aliyelala na mama yake aliyekaza uso. Mama aliye hai hajawahi kumwona, na wa kulaumiwa ni mimi.

Nilikuwa mtu wa video kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipiga harusi, ruracio, mazishi, sherehe za shule, na hata mnada wa ng'ombe mara moja. Nilikuwa na majivuno, siwezi kuficha. Wenzangu walinunua kamera za kawaida wakaridhika. Mimi nilikuwa mtu wa kusoma magazeti ya kompyuta yaliyochelewa, niliyoyakuta saiba, kwenye duka la intaneti, yakiwa yamechanika jalada, na nikaanza kuongea mambo ambayo hakuna aliyeniuliza.

Wakati huo dunia ya diski ilikuwa imegawanyika kambi mbili. Televisheni bapa zilikuwa zimeanza kuingia, picha yake kali kiasi cha kuona vinyweleo, na DVD ya kawaida haikuweza kuijaza. Kampuni kubwa za ng'ambo zikatengeneza diski mpya zenye nafasi kubwa zaidi, za kusomwa kwa mwanga wa buluu. Shida ni kwamba zilitengeneza aina mbili zisizoelewana. Upande mmoja Blu-ray, upande mwingine HD DVD. Kwa macho zote ni zilezile, sahani inayong'aa yenye tundu katikati, lakini ukiweka hii kwenye mashine ya ile inakataliwa. Kila kambi ilitaka kuiua nyingine. Mimi nikachagua HD DVD, na sababu yangu naona aibu kuisema. Wateja wangu walikuwa tayari wanajua neno DVD. Nilifikiri mama wa kijijini Buuri akisikia jina analolijua hatashtuka.

Mwezi wa pili wa mwaka 2008 kambi yangu ilisalimu amri. Waliotengeneza HD DVD walitangaza kwamba wameacha, basi, imekwisha. Sikusikia. Mwezi huo nchi nzima ilikuwa imeganda kwenye redio ikingoja wakubwa wapatane baada ya fujo za uchaguzi, na hakuna gazeti lililofika kwangu likiwa na habari za diski. Miezi kadhaa baadaye, Mwislamu mmoja wa mjini Meru aliyekuwa akileta vifaa kutoka Dubai alinionyesha kompyuta ya mkononi inayoandika HD DVD, pamoja na diski kumi tupu. Bei ilikuwa ya chini mno. Mtu mwenye akili timamu angeuliza kwa nini. Mimi nilidhani Mungu amenikumbuka.

Tuliojinunulia mashine ile tulikuwa wangapi Kenya nzima? Sijui. Sijawahi kukutana na mwingine.

Ruracio ya dada yangu ilifanyika mwaka uliofuata, nyumbani kwa wazazi wetu Ruiri. Yeye na shemeji walikuwa wameishi Maua kama mume na mke miaka kadhaa bila mahari kupelekwa, jambo ambalo mama yetu alilibeba moyoni kila Jumapili akienda kanisani. Binti yao alikuwa na miaka mitatu. Basi siku ilipofika, mama aliamka akiimba. Wakwe walikuja na kondoo, na pombe ya asali, na ile ncoolo, mzigo wa miraa unaofungwa kwa majani ya mgomba kwa ajili ya wakwe tu na hauuzwi sokoni. Wazee wakakaa. Dada yangu akaitwa mbele akaulizwa, kama ilivyo desturi, kama wazee wanywe pombe ile au waimwage. Akajibu kitu. Boma zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika magoti.

Nilinasa yote. Nilikuwa na kamera mpya, kipaza sauti kizuri, na nilitaka kazi ile iwe bora kuliko zote nilizowahi kufanya, maana ilikuwa ya dada yangu. Tulikuwa wawili tu kwetu. Nilikaa wiki tatu naikatakata mpaka ikabaki dakika hamsini safi, nikaiandika kwenye HD DVD. Nilipoiangalia kwenye ile kompyuta nilijipiga kifua. Uliona umande kwenye majani ya mgomba.

Shemeji akaniomba nakala ya kawaida ampelekee mama yake Maua. Nilimkatalia. Nakumbuka vizuri nilivyomkatalia, kwa dharau ya fundi.

"Shemeji, siwezi kuipunguza hii kazi iende kwa ile deki yenu. Nunueni mashine ya maana."

"Mashine gani hiyo? Maua yote haiko."

"Itafika. Kila kitu kinafika."

Hapo ndipo palikuwa na upumbavu wangu wote. Sisi tumezoea kupata vitu vikiwa vimechelewa. Televisheni za rangi zilichelewa, simu zikachelewa, intaneti ikachelewa, lakini zilifika zote, na aliyekuwa amejiandaa alionekana mwerevu. Nikaamini kwamba kuchelewa ni dalili kwamba kitu kiko njiani. Haikuwahi kunijia kichwani kwamba kitu kinaweza kutufikia kikiwa kimekwisha kufa. Kanda za kamera zilikuwa adimu, kwa hiyo nikachukua ile ya ruracio nikarekodi juu yake siku ya wazazi ya shule fulani. Faili za kwenye kompyuta nazo nikazifuta kupata nafasi. Niliona diski ndiyo salama.

Dada yangu aliugua mwaka uliofuata. Kikohozi, homa, wiki mbili, basi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Watu wameniuliza, na mpwa wangu aliniuliza pia, kwa nini sikutoa nakala baada ya msiba, wakati ile kompyuta bado inafanya kazi. Jibu ni kwamba sikuweza kuiangalia. Kutoa nakala kulimaanisha kukaa dakika hamsini mbele ya uso wake, nikisikia sauti yake. Kila mwezi nilijiambia nitafanya nikipata nguvu. Mama naye hakunisukuma, alikuwa anaogopa kama mimi. Halafu siku moja kompyuta ikakataa kuwaka. Fundi mmoja akachomoa kioo na kumbukumbu, akaniambia mengine ni takataka. Nikampa mtu wa vyuma kuukuu aliyekuwa anapita na mkokoteni. Nilimpa kwa mkono wangu huu, hata sikufikiria mara mbili.

Kitu kinachonitafuna ni hiki. Harusi za watu nilizozifanya kwa kulipua, nikiwa na njaa nataka kwenda nyumbani, zote nilizitoa kwenye DVD za kawaida, na nyingi bado zinacheza. Watu ambao hata sura zao nimezisahau, watoto wao wanaweza kuwaona wakicheka. Yule mmoja niliyempenda nilimfungia kwenye kitu bora kuliko vyote, na ndiye ambaye hakuna awezaye kumwona.

Basi baada ya simu ya mpwa wangu nilianza kutafuta. Nilikuwa na miezi miwili.

Nilianza na mafundi wa Meru mjini. Wengi hawakuwahi kusikia HD DVD. Mmoja aliigeuza diski mkononi kama sarafu ya zamani akaniuliza kama nimeitafuta YouTube. Nikamwuliza, dada yangu atafikaje YouTube? Akacheka, na mimi nikatoka kabla sijamtukana. Mwingine alinionyesha kompyuta zake mpya zilizopangwa rafuni, akaniambia niangalie kama nitaona hata moja yenye mdomo wa diski. Hazikuwa nao. Hata ile DVD ya kawaida, iliyodumu umri wangu wote wa kazi, haina pa kuingia tena. Na ile kambi ya Blu-ray iliyoshinda vita haikufika kwetu hata kuonekana madukani. Waligombana, mmoja akamwua mwenzake, na kabla aliyebaki hajavuka bahari kila mtu akahamia kwenye simu. Vita vyote vile vilikuwa vya nini?

Vijana huniambia nisihofu, siku hizi kila kitu kiko hewani. Mimi nimeona simu zikiibwa, zikitumbukia kwenye mapipa ya maji, na watu wakisahau nywila za picha za watoto wao. Lakini sina mdomo wa kuwaambia lolote. Wao angalau wana nakala mia za kila upuuzi.

Nilienda Maua kwa shemeji wangu wa zamani, nikitumaini labda kuna mtu alipiga hata kipande kidogo kwa simu siku ile. Alikuwa ameoa tena na ana watoto wakubwa. Alinipokea vizuri, akanipa chai, na nilipomweleza akaweka kikombe chini. Akasema hakuna aliyepiga, kwa sababu mimi niliwazuia. Nilikuwa nimesahau. Kumbe niliwaambia wasisimame mbele na visimu vyao wakaniharibia picha. Nilimwuliza dada yangu alijibu nini siku ile mbele ya wazee. Akasema, "Alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mtu wa watu." Hivyo ndivyo kila mtu anavyosema kuhusu kila marehemu. Niliwauliza wengine watano, na wote wakasema hivyohivyo. Kwamba alisema kitu na watu wakacheka, hilo wanakumbuka. Alichosema, hakuna anayekumbuka.

Nikarudi Meru, nikaenda kwa yule mfanyabiashara aliyeniuzia kompyuta. Sasa ni mzee, duka analo bado, anauza vioo vya simu na chaja. Nilipotaja HD DVD alinikumbuka mara moja. Akafunga kaunta akaniketisha kwenye kiti chake.

"Ndugu yangu, wallahi sikujua," akasema. "Niliuziwa na mimi. Nilipopata habari nikasema, yule bwana wa video atakuja kunishika shati. Hukuja."

Nikamwambia sikuja kwa ugomvi. Nikamweleza kuhusu dada yangu na mtoto anayekuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa macho kwa pembe ya kanzu, akapiga simu Dubai nikiwa palepale. Ana jamaa yake huko anayefanya kazi ya vifaa vilivyotumika. Ilichukua wiki tano. Kila asubuhi nilipita dukani, na kila asubuhi aliniona kutoka mbali akatikisa kichwa. Mpwa wangu alikuwa akiniandikia ujumbe kila Jumapili. Umefika wapi, anko? Nikajibu, bado kidogo. Tumbo linashuka, anko. Bado kidogo. Nilikuwa silali vizuri, nilikuwa nakula nikiwa nimesimama. Kanisani nilikaa nikiomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni mashine.

Ilikuja ndani ya begi la msafiri, imeviringwa kwa fulana. Kisomeo kidogo cheupe, kilichotengenezwa zamani kuchomekwa kwenye mashine ya michezo ya watoto, lakini kinachosoma HD DVD. Ndani yake kulikuwa na diski moja ya filamu ya kigeni. Mzee alikataa hata kuongea habari ya malipo, akanisukuma nje ya duka. "Nenda. Nenda ukamwone dada yako."

Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta ninayemwamini, mama mmoja wa makamo mwenye kibanda karibu na stendi. Alitafuta programu inayofaa, akahangaika na kebo asubuhi yote, halafu akaweka ile filamu ya kigeni kwanza ili tujaribu. Ikacheza. Magari yanakimbia jangwani, vumbi unaliona punje kwa punje. Nilipiga kelele mpaka watu wa kibanda cha pili wakachungulia. Nilimkumbatia yule mama, na sikuwa nimewahi hata kumpa mkono. Nikamtumia mpwa wangu ujumbe palepale: Nimepata.

Kisha nikaweka diski ya dada yangu. Ikazunguka. Ikavuma, ikatulia, ikavuma tena. Kwenye kioo kukatokea maneno yanayotuomba tuweke diski.

Tuliifuta kwa kitambaa laini, tukairudisha. Tafadhali weka diski. Tukazima kila kitu tukawasha upya. Tafadhali weka diski. Fundi akaichukua, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, akaangalia upande wa chini kwa muda.

"Imeandikwa, naona alama," akasema. "Lakini baba, uliifunga?"

Nilielewa kabla hajamaliza kuuliza. Diski ya kuandikwa nyumbani, ukimaliza, lazima uifunge. Ni kubonyeza kitufe kimoja na kusubiri dakika chache, mashine inaandika orodha ya yaliyomo kule mwanzo, na hapo ndipo kisomeo kingine chochote kinaweza kuitambua. Usipoifunga, unaweza kuongeza mambo baadaye, lakini inasomeka tu kwenye mashine iliyoiandika. Kazi za wateja nilizifunga zote, ilikuwa ndiyo kanuni yangu ya kwanza. Ya dada yangu sikuifunga. Ilikuwa imebaki nafasi ya nusu saa. Yeye na shemeji walikuwa wamesema baada ya ruracio watafunga ndoa kanisani, wakijaliwa, na mimi nikasema nitaiweka harusi hapohapo, nyuma ya ruracio, diski moja yenye maisha yake yote. Nilimwachia nafasi.

"Mashine iliyoiandika iko wapi?" fundi akauliza.

Nikamwambia. Alinivutia kiti.

Alikaa na diski ile siku nne akijaribu kila programu aliyoijua na nyingine alizoagiza kwa marafiki zake wa Nairobi. Aliponirudishia, aliniambia ukingoni rangi yenyewe imeanza kuliwa, na kila alichofanikiwa kukichota kilikuwa sifuri tupu. Siku ileile, mchana, mume wa mpwa wangu akapiga simu. Mtoto amezaliwa. Mama na mtoto wako salama.

Nilifika Embu siku ya tatu, nikiwa na mkungu wa ndizi na diski ndani ya mfuko wa koti. Mpwa wangu alikuwa ameketi kitandani na mtoto kifuani. Nyumba ilinukia uji. Wanawake wa upande wa mume walikuwa wamepanga kuja kesho yake. Aliponiona, alinyoosha mkono hata kabla sijakaa, na ule ujumbe wangu wa "nimepata" ndio uliokuwa machoni mwake.

Nilimwambia kweli yote. Kompyuta, mtu wa vyuma kuukuu, kile kitufe, ile nusu saa. Sikujitetea. Alishika diski akaigeuza, na uso wake mwenyewe ukaonekana ndani yake. Alilia bila sauti, akiangalia mtoto asiamke. Nilitamani anitukane. Ningelipokea tusi lolote. Lakini alifuta uso kwa kanga, akaniuliza kwa upole ulioniumiza zaidi.

"Sawa anko. Lakini si wewe ulikuwa hapo? Wewe ulimwona. Niambie tu. Alikuwa anacheka aje?"

Nilifungua mdomo.

Siku ile nilikuwa nimeweka jicho moja kwenye kitundu cha kamera na jingine nimelifumba. Saa nzima dada yangu alikuwa kijipicha kidogo ndani ya giza, na mimi nilikuwa nikiangalia mambo mengine. Nakumbuka jua lilimwangaza sana kwenye paji la uso nikasogea kushoto. Nakumbuka kicheko kilipopanda mshale wa kipimo cha sauti uliingia kwenye nyekundu, nikaupunguza haraka kwa kidole gumba. Nakumbuka ule mshale. Nilijua kwamba nitamwona vizuri baadaye, kwenye diski. Na baadaye nilipokaa kuikata, wiki tatu nzima, nilisikia kile kicheko mara mia mbili vipandevipande, nikitafuta mahali pa kukata, mpaka hakikuwa tena kicheko cha mtu. Nilitafuta ndani ya kichwa changu, nikiwa nimesimama mbele ya mtoto wake, na hapakuwa na kitu.

"Anko?"

"Alikuwa anaanza kimya," nikasema. "Anafunga mdomo kwanza, anajizuia. Halafu kinamtoka puani, halafu ndiyo anaachilia, juu, kama mtu anayeita mtu ng'ambo ya mto. Na mwishoni anavuta pumzi, hii, halafu anaanza upya."

Uso wa mpwa wangu ulifunguka. Sijawahi kumwona hivyo tangu azaliwe.

Kicheko kile ni cha bibi harusi mmoja wa Kiirua. Wiki iliyotangulia familia yake ilinipa DVD yao ya kawaida niwahamishie kwenye flashi, na nilimwona akicheka hivyo, wazi kabisa, hakuna hata doa. Yuko hai. Ana shamba la viazi.

"Hivi?" mpwa wangu akauliza, akajaribu, taratibu, asimwamshe mtoto.

"Jizuie zaidi mwanzoni," nikamwambia. "Kitoke puani kwanza."

Akajaribu tena. Kesho yake wanawake wangekuja kuuliza, na alitaka kukijua vizuri. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikimrekebisha, mara tatu, mara nne, na alipokipata sawasawa nikamwambia ndiyo, hivyohivyo, huyo ndiye mama yako.